Homa za Vipindi za Kurithi: Daftari Kwanza, Jeni Baadaye

Mei 2025, Mkutano wa 78 wa Afya Duniani uliofanyika Geneva ulipitisha azimio la kwanza linalohusu magonjwa adimu peke yake. Misri na Uhispania ndizo zilizolisimamia, na Shirika la Afya Duniani likaagizwa kuandaa mpango wa miaka kumi. Tangu hapo, kila azimio hilo linapotajwa, mazungumzo hukimbilia mashine za kusoma jeni na dawa mpya ambazo gharama yake ya mwaka kwa mgonjwa mmoja ingeendesha zahanati nzima. Wanaolishangilia huzitaja kama ahadi, na wanaolibeza huzitaja kama ushahidi kwamba hii ni anasa ya nchi tajiri. Naona pande zote mbili zimelisoma vibaya, na magonjwa yanayoonyesha hivyo waziwazi kuliko mengine ni homa za vipindi za kurithi. Kwa wengi wa wagonjwa hao, kinachoamua kama mtu atazeeka na figo zake ni historia iliyoandikwa vizuri, vipimo vya kawaida vilivyochukuliwa kwa wakati wake, na kidonge cha zamani kinachomezwa kila siku. Kipimo cha jeni kina nafasi yake, lakini hakistahili kukaa mlangoni na kuamua nani aingie.

Magonjwa haya hutokana na hitilafu katika kinga ya asili, ile tunayozaliwa nayo na inayojibu shambulio ndani ya saa chache. Kinga hiyo huwaka kijidudu kinapoingia mwilini. Kwa wagonjwa hawa huwaka yenyewe: homa kali inapanda, utando wa tumbo au wa mapafu unavimba, goti linajaa, ngozi inaiva wekundu, kisha baada ya siku chache kila kitu kinatulia na mgonjwa anarudi kazini au darasani akiwa mzima. Ukiotesha damu yake maabara, hakioti kijidudu chochote. Ukitafuta kingamwili zinazoshambulia tishu zake, kama zile za lupasi, huzikuti. Ndiyo maana Michael McDermott, Daniel Kastner na wenzao walipendekeza mwaka 1999 kwamba magonjwa haya yatengwe kuwa kundi la peke yake, kundi la kinga inayojiwasha yenyewe.

Mkongwe wa kundi hilo ni homa ya kifamilia ya Mediterania, ambayo madaktari huiita kwa kifupi FMF. Huwapata zaidi Waarmenia, Waturuki, Waarabu hasa wa nchi za Shamu, na Wayahudi wenye asili ya Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Katika baadhi ya jamii hizo karibu mtu mmoja kati ya watano hubeba nakala moja ya jeni iliyobadilika. Sheppard Siegal aliieleza kitabibu mjini New York mwaka 1945, na mwaka 1958 Harry Heller, Ezra Sohar na wenzao wa hospitali ya Tel Hashomer, Israeli, wakaipa jina linalotumika hadi leo. Shambulio lake huchukua nusu siku hadi siku tatu. Maumivu ya tumbo huwa makali kiasi kwamba wagonjwa wengi wamepasuliwa kwa kudhaniwa kuwa na kidole tumbo, na daktari akakikuta kizima. Hata hivyo kinachoua ni kile kinachoendelea kimyakimya kati ya mashambulio. Ini hutoa protini moja kwa wingi kila uvimbe unapowaka, na miaka ikipita protini hiyo hujijenga kuwa amiloidi, uchafu mgumu unaorundikana kwenye figo hadi zinashindwa kazi. Kabla ya kupatikana kwa tiba, wagonjwa wengi walizikwa kwa sababu ya figo, wengine wakiwa hawajafika miaka 40.

Tiba ilipatikana mwaka 1972. Stephen Goldfinger wa Boston aliandika barua fupi kwenye jarida la kitabibu akieleza kwamba kolchisini, dawa ya kale ya jongo inayotokana na mmea, ilizuia mashambulio ya wagonjwa wake wachache. Mwaka huohuo Emir Özkan wa Uturuki naye alitoa taarifa inayofanana na hiyo. Majaribio ya mwaka 1974 yakathibitisha. Kisha mwaka 1986 Deborah Zemer na wenzake wa Tel Hashomer walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,070 waliofuatiliwa kwa miaka minne hadi kumi na mmoja. Kati ya wale 960 ambao mkojo wao mwanzoni haukuwa na protini, ile dalili kwamba figo zinaharibika, 906 walimeza dawa kama walivyoelekezwa, na wanne tu ndio waliokuja kuonyesha protini. Kati ya wale 54 waliokiri kutoimeza ipasavyo, 16 waliionyesha. Ningependa msomaji azitulie tarakimu hizo, kisha akumbuke kwamba jeni ya ugonjwa huu, MEFV, ilitambuliwa mwaka 1997. Kwa robo karne nzima madaktari waliokoa figo za maelfu ya watu bila kujua jeni iko wapi. Waliutambua ugonjwa kwa kumsikiliza mgonjwa, kuuliza ukoo wake, kupima mkojo na kutazama kama kidonge kinamsaidia.

Ushahidi mwingine ulichapishwa mwaka 2007. Isabelle Touitou na wenzake walikusanya taarifa za wagonjwa 2,482 kutoka nchi 14, wakiwemo 260 waliopata amiloidi ya figo, ili wajue ni nini hasa kinachomtia mgonjwa hatarini. Wengi wangetarajia jibu liwe aina ya badiliko la jeni, hasa lile liitwalo M694V ambalo kwa nakala mbili huleta ugonjwa mkali. Badiliko hilo lilionekana, lakini likashika nafasi ya pili. Kilichotangulia ni nchi ambamo mgonjwa aliandikishwa, na hatari hiyo ilikwenda sambamba na kiwango cha vifo vya watoto wachanga katika nchi husika. Utafiti kama huo hauwezi kutaja sababu moja kwa moja, na huenda mazingira na maambukizi ya mara kwa mara yana mchango wake. Lakini ukiulinganisha na matokeo ya Zemer, ni vigumu kukwepa tafsiri kwamba watu wenye jeni zinazofanana wanaishia mahali tofauti kwa sababu mmoja aligunduliwa mapema na akapewa dawa bila kukatizwa, na mwenzake akazungushwa.

Kuzungushwa huko kunaweza kupunguzwa kwa kalenda. Homa hizi hutofautiana kwa muda wake, na muda ni kitu ambacho mama yeyote anaweza kukipima. FMF huisha ndani ya siku tatu. Homa ya upungufu wa kimeng'enya cha mevalonati huanza utotoni, hukaa siku tatu hadi saba, tena huja na tezi za shingo, kuharisha na vipele, na mara nyingi huchochewa na chanjo. Ile iitwayo TRAPS, inayotokana na hitilafu katika kipokezi cha TNF, kichocheo kimojawapo cha uvimbe, huvuka wiki moja na huweza kufika wiki tatu, ikiambatana na maumivu ya misuli yanayosafiri na uvimbe kuzunguka macho. Kundi la jeni ya NLRP3 huleta vipele kama vya mzio, mara nyingine baada ya kupigwa na baridi, na baadaye uziwi. Ipo pia PFAPA, ambayo haina jeni moja inayojulikana na ndiyo inayoonekana zaidi kwa watoto wa mataifa mengi: homa inayorudi kila wiki tatu hadi sita, vidonda vya mdomo, tonsili na tezi za shingo. Nilimfahamu mama mmoja wa Mombasa ambaye mtoto wake alitibiwa taifodi mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Aliyemsaidia hatimaye alikuwa daktari aliyemwomba aandike tarehe, saa na dalili kwenye daftari la shule kwa miezi michache. Mwezi wa tatu mpangilio ulionekana wazi: ilikuwa PFAPA, na mtoto yule akaja kupona kadiri alivyokua.

Daftari huenda pamoja na maabara ya kawaida kabisa. Kipimo cha CRP, kinachoonyesha kiwango cha uvimbe mwilini, kichukuliwe siku ya shambulio na kirudiwe mgonjwa akiwa mzima wiki mbili baadaye. Kikipanda sana na kushuka sana kwa mtindo uleule mara kadhaa, tayari una jambo la kufuatilia. Mkojo upimwe protini kwa kijiti, mgonjwa akiwa hana homa. Hatua hizi zinaonekana ndogo, na pengine ndiyo sababu hazifanyiki. Mgonjwa hupimwa akiwa na homa tu, katika kituo tofauti kila mara, na hakuna mtu anayemwita arudi akiwa hana shida.

Hapa ndipo wanaotegemea jeni hunipinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema dalili hufanana mno, na tiba hutofautiana. Ni kweli. Kolchisini inayomsaidia mgonjwa wa FMF kwa kawaida haimtoshi mgonjwa wa TRAPS. Mtoto mchanga mwenye sura kali ya ugonjwa wa NLRP3 anahitaji dawa inayozuia kichocheo cha uvimbe kiitwacho IL-1 mapema, kabla masikio, ubongo na viungo havijaharibika. Ugonjwa wa upungufu wa kimeng'enya cha ADA2, uliotambuliwa mwaka 2014, huleta kiharusi kwa watoto, na dawa za kuzuia TNF hupunguza sana hatari hiyo. Humo kujua jeni kunaweza kuokoa maisha. Tena mwenye nakala mbili za M694V anastahili kufuatiliwa kwa ukali zaidi, na familia inayofikiria mtoto mwingine ina haki ya kujua inachorithisha. Hayo yote nayakubali. Ninachokataa ni mpangilio unaomwambia daktari asubiri jibu la jeni ndipo aanze kufikiri.

Kipimo hicho kina mipaka ambayo wanaokipigia debe huisema kwa sauti ya chini. Karibu theluthi moja ya wagonjwa ambao kitabibu wana FMF wameonekana kubeba badiliko katika nakala moja tu, ingawa vitabu vya zamani viliufundisha ugonjwa huu kama unaohitaji nakala mbili, na wengine hawana badiliko linaloonekana kabisa. Mgonjwa wa namna hiyo, kipimo kikifanywa hakimu, ataondoka bila dawa na figo zake zitaendelea kuharibika. Upande wa pili kuna mabadiliko yanayoonekana kwa watu wasiougua. E148Q ya jeni ya MEFV imeenea sana Asia, na wataalamu wanaendelea kubishana kama inasababisha lolote. Linalotugusa sisi zaidi ni badiliko liitwalo P46L katika jeni ya TRAPS. Maabara ya Ulaya inaweza kuliona na kuliandika kama dalili ya ugonjwa, ilhali limeonekana kwa watu wengi wa Afrika Magharibi wasio na homa yoyote ya vipindi. Hazina za jeni zinazotumiwa kutafsiri majibu zimejengwa zaidi kwa damu za watu wenye asili ya Ulaya. Kwa hiyo Mwafrika anayepimwa jeni bila historia nzuri ya ugonjwa yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupewa jibu lisiloeleweka, au lililokosewa. Kadiri jeni zetu zinavyojulikana kidogo, ndivyo daftari la mgonjwa linavyozidi kuwa muhimu. Nashangaa kwamba jambo hili halisikiki katika mijadala ya vyombo vyetu.

Hoja dhaifu kuliko zote, lakini inayorudiwa sana, ni kwamba haya ni magonjwa ya watu wa Mediterania na Ulaya, hayatuhusu. Historia ya kundi hili ni historia ya hoja hiyo kuanguka. TRAPS ilielezwa mwaka 1982 katika ukoo mmoja wenye asili ya Ireland na Scotland, ikaitwa homa ya Ireland, na miaka iliyofuata ikapatikana kwa watu wa mataifa mengi hadi jina likaachwa. Homa ya mevalonati ilielezwa mwaka 1984 kwa Waholanzi sita, ikaitwa ya Kiholanzi, kisha ikaonekana kwingine. Japani iliwahi kuihesabu FMF kama ugonjwa wa wageni. Madaktari wake walipoanza kuitafuta waliwapata wagonjwa kwa mamia. Sidai kwamba kuna wimbi la FMF lililojificha Tanga au Lamu, na ningemwonya yeyote anayedai hivyo. Ninachosema ni kwamba kutokuwepo kwa wagonjwa kwenye kumbukumbu za nchi ambayo haijawatafuta hakuthibitishi lolote. Tena wasemaji wa Kiswahili hawaishi kijiji kimoja. Wapo Muscat na Dubai, wapo walioolewa na kuoa katika koo za Kiarabu na Kituruki, na miji ya Kongo ina familia za Walebanoni wanaotibiwa na madaktari wa hukohuko.

Wengine wana hoja nzito zaidi: tuna malaria, kifua kikuu na Virusi vya Ukimwi, mtoto mwenye homa ya ajabu anaweza kusubiri. Naiheshimu hoja hii kwa sababu inasemwa na watu wanaofanya kazi katika wodi zilizojaa. Lakini tazama homa zenyewe zinatuambia nini. Utafiti uliofanywa na Valérie D'Acremont na wenzake kwa watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara, ukachapishwa mwaka 2014, ulikuta malaria kwa karibu mmoja kati ya kumi tu; walio wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yao ya virusi. Kipimo cha haraka kikitoa jibu hasi, mhudumu hubaki hana la kushika, na mara nyingi hushika antibayotiki au kipimo cha taifodi kiitwacho Widal, ambacho udhaifu wake unajulikana. Mtoto yuleyule anaporudi mara ya tano na jibu lilelile hasi, swali la homa za vipindi huwa sehemu ya swali kubwa zaidi: homa hii ni ya nini? Mhudumu aliyefundishwa kuuliza "ilianza lini, ilikaa siku ngapi, alikuwaje katikati?" atamnasa pia mgonjwa wa kifua kikuu, wa brusela, na wa homa ya papasi, ambayo nayo huja na kuondoka kwa vipindi na inatibika kwa antibayotiki. Ustadi ni mmoja. Haumnyang'anyi mgonjwa wa malaria hata shilingi.

Ustadi huohuo ndio unaolinda dhidi ya hatari ya upande wa pili, yaani kuanza kuita kila homa ya kujirudia kuwa ya kurithi. Mtoto mwenye selimundu huumwa tumbo na viungo kwa vipindi na huweza kuwa na homa. Ukimpa kolchisini ukamwacha, unamuua. Maambukizi lazima yatafutwe kwanza na yatafutwe kweli. Kolchisini yenyewe inataka adabu: pengo kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni dogo, mtu mzima havuki miligramu tatu kwa siku, mwenye figo au ini dhaifu hupewa pungufu, na kuichanganya na klarithromaisini kumewahi kuua wagonjwa. Kidonge cha namna hii hakiuzwi dirishani kwa maneno ya jirani. Kwa upande mwingine, kukikatiza kwa hofu isiyo na msingi nako kuna madhara. Mapendekezo ya Ulaya ya mwaka 2016 yanamtaka mjamzito mwenye FMF aendelee nacho, na wanawake wengi bado huambiwa waache.

Kuhusu bei, kuna somo kutoka Marekani. Kolchisini ilikuwa ikiuzwa huko kwa takriban senti kumi kidonge. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa iliidhinisha rasmi chapa moja, Colcrys, kwa jongo na FMF, ikampa mtengenezaji haki ya pekee kwa muda, na kidonge kikapanda hadi karibu dola tano. Mmea ni uleule, molekuli ni ileile. Kwa hiyo mpango unaoandikwa Geneva ukitaja upatikanaji wa dawa bila kuzilinda dawa kuukuu, unaweza kutoa matokeo kinyume na unayotaka. Dawa za kisasa kama anakinra na kanakinumabu, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2016 kwa FMF, TRAPS na homa ya mevalonati, zinahitajika kwa wale ambao kolchisini haiwatoshi, na kwa FMF hao ni takriban mmoja kati ya kumi au pungufu. Kuwapigania ni haki. Kuanza na wao, huku wale tisa hawajulikani hata wako wapi, ni kuanzia mwisho.

Wajumbe wa Afrika Mashariki watakaoshiriki kuandika mpango huo wana nafasi ya kudai mambo yanayotekelezeka. Kadi ya mtoto iwe na ukurasa wa homa zinazojirudia, wenye tarehe, muda na dalili, na kadi hiyo ifuate mtoto kituo kwa kituo. Mwongozo wa homa useme kinachofanyika baada ya jibu hasi la tatu la malaria, ukitaja CRP mara mbili na kijiti cha mkojo. Kolchisini iwe kwenye orodha ya dawa muhimu ya kila nchi kwa matumizi haya, na dozi za watoto ziandikwe. Kila kanda iwe na daktari bingwa anayepokea daftari zilizojaa na kuchagua wachache wa kupimwa jeni, na majibu yao yasomwe dhidi ya hazina ya jeni za watu wenye afya njema kutoka Kigoma, Kisumu, Bukavu na Pemba. Hazina hiyo haijajengwa kwa kiwango kinachotosha. Kuijenga kutagharimu pesa na miaka, na ndiyo sehemu pekee ya mpango ambayo ningekubali mashine zitangulie.